Zizi la kutegea nguruwe mwitu kutoka atelye ya Komini Kenya, Lubumbashi: maoni yangu baada ya msimu wa mahindi

Wenzangu wenye mashamba njia ya Kasenga, njia ya Kipushi na kule Kafubu, nawasikia mkiulizana kama lile zizi la chuma la kutegea nguruwe mwitu, linalochomelewa kwenye atelye moja ya Komini Kenya, lina thamani ya pesa yake. Nimelitumia tangu mbegu zilipoanza kuchipua mpaka mahindi yakaingia ghalani. Jibu langu ni ndiyo, linunueni. Ila nunueni lile kubwa la duara, msidanganyike na kisanduku ambacho fundi huyohuyo anakiuza kwa nusu ya bei. Na mjue mapema kwamba chuma hakitegi peke yake. Kinahitaji mtu mwenye subira wa kukisimamia.

Kwa wale wa mjini wanaofikiria kuanza kulima, niwaeleze tunapambana na nani. Nguruwe mwitu wetu, ambao wafanyakazi wangu wanawaita ngulube ya pori, hutembea usiku na hutembea kwa familia: dume mkubwa, majike, na vitoto vyenye michirizi mgongoni. Aliyekomaa anaweza kupita kilo 80. Mvua za kwanza zikinyesha tukapanda, wanafuata mstari wa mbegu kwa pua na kufukua shimo moja baada ya jingine. Mwezi wa pili na wa tatu, mahindi yakiwa bado na maziwa, wanaangusha bua zima, wanang'ata gunzi mara mbili, wanaliacha na kwenda kwenye bua linalofuata. Wanachokula ni kidogo. Wanachoharibu ndicho kinachotia uchungu, kwa sababu bua likishalala halisimami tena. Mihogo wanaing'oa, viazi vitamu wanavifukua, karanga ndiyo usiseme.

Chui, aliyekuwa akiwapunguza, sijamsikia mtu yeyote upande wetu akisema amemwona. Msitu nao unaisha kwa makala, yaani mkaa wa kupikia. Miti ikishakatwa, matunda na mizizi waliyokuwa wakila huko inapungua, na shamba langu la mahindi liko palepale pembeni, lenye harufu nzuri. Nisingekuwa mkweli kama ningewaita wavamizi. Walikuwa hapa kabla mji wa Lubumbashi haujaanzishwa mwaka 1910. Lakini mimi nalisha watu kumi na wawili kwa shamba hili na siwezi kuliacha liwe lao.

Njia za zamani tunazijua sote. Kijana analala kwenye dungu na debe na rungu, anapiga kelele usiku kucha. Hiyo inasaidia wiki mbili, halafu wanazoea, wanaingia upande wa pili wakati yeye anapiga debe upande huu. Mbwa wanasaidia mpaka siku dume atakapogeuka. Meno yake ya chini ni makali, na nimeona mbwa mzuri akirudi tumbo limechanika. Tanzi za waya ndizo nyingi zaidi, na ndizo nisizozitaka kabisa katika ardhi yangu. Waya haujui tofauti ya nguruwe, mbuzi wa jirani na paa aliyekuwa akipita. Mnyama ananaswa mguu, anavuta siku mbili, anakata waya na kuondoka nao. Nguruwe wa namna hiyo akikutana na mtoto njiani ni hatari kuliko wote.

Sasa zizi lenyewe. Ni paneli nane za chuma, kila moja na urefu wa mita 3 na kimo cha mita 1.6, pamoja na fremu ya lango yenye upana wa mita 1.2. Ukiziunganisha unapata duara lenye upana wa karibu mita 8. Fremu ni bomba la mraba, na ndani yake nondo nyembamba zimechomelewa kwa matundu ya sentimita 10. Halina sakafu wala paa. Paneli zinashikana kwa boliti na waya mzito, na kila kiungo kina nguzo inayopigwa chini zaidi ya nusu mita. Watu wanne wanalisimamisha kwa asubuhi moja kama ardhi ina unyevu. Wakati wa kiangazi, kwenye udongo wetu mwekundu uliokauka, jiandaeni kwa sururu na jasho.

Duara lina sababu yake. Nguruwe aliyetegwa hukimbia kando ya ukuta akitafuta pa kutokea. Akikuta kona, anasimama hapo, wenzake wanamrundikia, na wa juu anapanda migongo ya wengine anaruka nje. Kwenye duara hakuna kona, wanazunguka tu. Kukosa sakafu nako ni jambo zuri: wanakanyaga udongo wanaoujua, hawasikii chuma chini ya kwato.

Na ukubwa ndio kiini cha haya yote. Jirani yangu ng'ambo ya kijito alinunua kile kisanduku. Kinakamata, sikatai. Kilimkamata jike mmoja mchanga, mlango ukaanguka, akapiga kelele usiku mzima, na familia yote ikamsikiliza kutoka gizani. Tangu hapo hawajasogelea chuma chochote upande ule, hata ukiweka chambo kizuri namna gani. Mahindi yake waliendelea kuyala kama kawaida, wakipitia mbali na kisanduku. Jirani amelipa pesa nzuri kuwafundisha nguruwe kuogopa mtego. Mtego unaokamata mmoja na kuwaacha sita wakiwa wameerevuka ni hasara, na hasara hiyo inawapata majirani wote, kwa sababu nguruwe haheshimu mpaka wa shamba.

Somo hili wenzetu wa Marekani wamelilipia ghali. Kule nguruwe si wa asili. Waliletwa na Wahispania, na msafara wa Hernando de Soto ulishuka Florida nao mwaka 1539. Waliotoroka wakazaana, baadaye wakachanganyika na nguruwe wa porini walioletwa kutoka Ulaya kwa ajili ya uwindaji, na leo wanakadiriwa kupita milioni 6 katika majimbo zaidi ya 30. Hasara yao kwa mwaka inahesabiwa kwa mabilioni ya dola. Jike wa kule anabeba mimba siku zipatazo 115 na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, vitoto vinne, sita, hata zaidi. Wataalamu wao wanasema ukitaka idadi isiongezeke tu, lazima uondoe karibu theluthi mbili ya nguruwe wote kila mwaka. Huko Texas wamejaribu bunduki, mbwa, mpaka helikopta, na bado wanaposhauri mkulima wanamrudisha kwenye jambo moja: kamata familia nzima kwa usiku mmoja, usibakishe hata mmoja wa kwenda kuwaonya wengine. Nguruwe wetu ni wa aina nyingine na hawazai kwa wingi hivyo. Kwa kawaida ni vitoto vitatu au vinne, na huzaliwa mvua zinapokaribia au zinapoanza. Kwa hiyo sisi hatuna haja ya vita ya kuwamaliza, na mimi sitaki waishe. Lakini akili ni ileile.

Kule Marekani lango linafungwa kwa simu. Kamera inatuma picha, mwenye shamba yuko nyumbani kitandani anawahesabu, anabonyeza, lango linashuka. Fundi wetu aliniambia kuna mteja aliyemwomba amtengenezee kitu kama hicho. Kwangu haiwezekani: mtandao shambani unapatikana ukipanda juu ya kichuguu, na betri ingetaka sola ambayo ingeibiwa kabla ya mahindi kuota. Fundi anatoa njia mbili za kushusha lango. Ya kwanza ni waya unaokatiza nyuma ya zizi, mbali na lango. Mnyama akiusukuma, pini inachomoka na lango linaanguka. Ya pili ni kamba ndefu kutoka kwenye pini hadi kwenye dungu, inayovutwa na mtu.

Chagueni kamba. Waya haujui kuhesabu. Wa kwanza mwenye pupa akifika nyuma anaugusa, na wazazi wake bado wako nje. Mtu kwenye dungu anaona. Tayari tunao vijana wanaolala mashambani, mshahara wao tunaulipa. Badala ya kupiga debe mpaka asubuhi, kijana anakaa kimya na kamba mkononi. Mpeni taa ndogo aliyoifunika kwa plastiki nyekundu, maana nguruwe haoni vizuri mwanga mwekundu, na dungu liwe upande ambao upepo unatoka kwa nguruwe kwenda kwa mlinzi. Pua yao ndiyo inayowalinda kuliko macho.

Kuhusu chambo, fundi anapendekeza mahindi makavu. Mimi sikubaliani naye. Mahindi makavu yanaita kila kiumbe: kuku, kanga, tumbili, mbuzi. Sisi tuliyaloweka kwenye pipa lililofunikwa mpaka yakachacha, tukachanganya na machicha ya munkoyo, kile kinywaji cha kienyeji kinachochachushwa, tuliyopewa na mama mmoja anayepika wa kuuza. Harufu yake mwanadamu anaikimbia. Nguruwe anaifuata kutoka mbali, na mbuzi wengi wanaipita.

Halafu subira. Zizi likishasimama, msitege. Acheni paneli mbili wazi kabisa, wekeni chambo nje kwanza, kisha kwenye mlango, kisha katikati, wiki kwa wiki mkiangalia nyayo. Wakizoea kuingia, fungeni paneli, lango libaki juu limefungwa kwa kadena ili lisianguke kwa bahati mbaya. Kapita wangu, yaani msimamizi wa shamba, ni mtu mzima, amewinda tangu ujana wake huko Pweto, na hata yeye ilimshinda kidogo. Usiku mmoja alinipigia simu akiwa juu ya dungu, ananong'ona:

"Mama, tufunge. Wanne wako ndani."

"Na dume, Papa?"

"Amesimama mlangoni. Haingii."

"Basi tuwaache wale, washibe, waende."

"Mama, wanakula pesa yako."

"Waache wale, Papa. Watarudi naye."

Nilimsikia akivuta pumzi, lakini kamba hakuigusa. Familia ile iliendelea kuja, kila safari dume akisogea kidogo zaidi, mpaka usiku alioinamisha kichwa kwenye chambo pamoja na wengine. Ndipo kapita alipovuta. Walikuwa saba, wote ndani.

Hapo ndipo zizi lilipoonyesha nguvu yake na udhaifu wake. Nguvu: nguzo hazikutikisika, na hakuna aliyeruka kimo kile. Udhaifu ni mambo matatu, nayasema ili mtakaoagiza myadai kabla hamjalipa. Kwanza, nondo nyingi zilikuwa zimechomelewa kwa nukta, kidogo hapa kidogo pale. Dume alipoigonga paneli mara kadhaa kwa kichwa, nukta tatu ziliachia na tundu likaanza kufunguka. Tuliliziba kwa magogo tukitetemeka. Dai mchomeleo kamili kwenye kila makutano ya theluthi ya chini. Pili, lango halikuwa na kabari ya kulizuia lisipande tena. Nguruwe ananyanyua kwa pua, ndiyo kazi ya pua yake, na lango la kushuka bila kabari analipandisha. Tulifunga kwa mnyororo, lakini kwa kufanya hivyo mtu alilazimika kusogea karibu kuliko ninavyopenda. Tatu, matundu ya sentimita 10 ni makubwa mno kwa vitoto vya miezi ya mwanzo. Chini, mpaka kimo cha goti, yanatakiwa ya sentimita 5.

Nimpe fundi haki yake. Nilipompigia alikuja mwenyewe na jenereta ndogo juu ya pikipiki, akachomelea upya paneli zote palepale shambani, akaongeza kabari mbili za springi kwenye reli za lango, na hakudai zaidi ya mafuta. Alitaka kuona nyayo, alitaka kujua dume aligonga wapi na kwa kimo gani, akapima kwa futi na kuandika kwenye daftari. Mtu anayejali kazi yake namna hiyo napenda apate wateja. Matundu madogo ya chini ameniambia sasa anayaweka kwa kila anayeagiza, kwa nyongeza ya dola 40.

Jambo jingine: mwambieni asipake rangi. Langu lilikuja limepakwa kijani kizuri, na harufu ya rangi iliwaweka nguruwe mbali kwa muda mrefu mpaka mvua ilipoipunguza. Chuma kikiota kutu kidogo juujuu ndivyo wanavyokizoea.

Mnyama akishanaswa, msiingie ndani. Narudia, msiingie, hata kama mna mikuki na ushujaa. Nguruwe mwitu akibanwa anashambulia, na dume na jike wote wanawatetea watoto wao. Kabla sijalipa hata senti nilikwenda na chifu wetu kwenye ofisi ya mazingira kueleza ninachotaka kufanya na kuomba ruhusa kwa maandishi, kwa sababu uwindaji nchini Kongo una sheria yake, namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na uhifadhi una yake ya mwaka 2014. Aliyepiga alikuwa mwindaji mwenye kibali cha bunduki, mapema asubuhi, akiwa nje ya paneli, haraka, watoto wote wakiwa mbali. Haipendezi kutazama. Lakini mnyama aliyekufa kwa risasi moja ametendewa vizuri kuliko yule anayeoza mguu porini na waya.

Nyama tuliigawa, na hapa naomba wafugaji mnisikilize sana. Nguruwe mwitu na ngiri wanaweza kubeba virusi vya homa ya nguruwe ya Afrika bila wenyewe kuonekana wagonjwa. Ugonjwa huo ulielezwa mara ya kwanza na wataalamu katika nchi ya Kenya mwaka 1921, na mpaka leo hauna dawa. Hauwapati binadamu, ila ukiingia kwenye banda la nguruwe wa kufugwa unaweza kuwaua karibu wote. Kwa hiyo zizi lisimikwe mbali na banda. Utumbo, damu na ngozi zifukiwe shimo refu, si kutupwa mbwa wakazivuta mpaka kijijini. Mabaki ya nyama hiyo, hata maji yaliyooshea sufuria, yasipewe nguruwe wa nyumbani. Viatu na visu vioshwe kwa maji ya javeli, yale ya klorini, kabla mtu hajarudi bandani. Lubumbashi tuna Kitivo cha Tiba ya Mifugo pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mji una madaktari wa mifugo waliosoma pale. Mwiteni mmoja aitazame nyama kabla ya kuigawa. Na ipikwe mpaka iive ndani kabisa, maana minyoo ipo.

Wanyama wengine walioingia ni nungunungu, mbuzi wa jirani, na paa mdogo mmoja. Wote tuliwafungulia lango wakaondoka wazima. Kwa sababu hiyo peke yake ningelinunua zizi hili hata kama lingekuwa ghali zaidi.

Bei: mimi nililipa dola 620 kwa zizi zima na nguzo zake, nusu wakati wa kuagiza na nusu wakati wa kuchukua. Usafiri hauko ndani ya bei. Paneli zinaenea kwenye pick-up moja zikilazwa, lakini mkodisheni dereva anayeijua njia wakati wa mvua. Agizeni mwezi wa nane au wa tisa. Ukisubiri mpaka mahindi yatoe magunzi, atelye imejaa watu wenye haraka, na nguruwe wako hawatakuwa na muda wa kulizoea zizi kabla ya mavuno.

Hizo ni pesa nyingi kwa mkulima mmoja, najua. Sisi sasa tuko nyumba tano. Majirani wanne wamenirudishia sehemu yao, wengine kwa franki, wengine kwa magunia, na zizi litahama kwa zamu kufuata nyayo zinakotoka, si kufuata nani aliyelipa zaidi. Anayelipokea analeta pipa lake la mahindi yaliyochacha na kijana wa kukaa kwenye dungu. Mwaka huu linaanzia ng'ambo ya kijito, kwa jirani mwenye kisanduku, ambako nguruwe wameshaogopa chuma. Tumekubaliana kulisimamisha mwezi wa tisa bila lango kabisa, na kuliacha wazi mpaka Krismasi.